Damu Iliyosimama Tumboni mwa Furaha

Jina la Bwana litukuzwe asubuhi hii, ndugu zangu. Leo nimeikumbuka ile parcelle yetu, kiwanja chetu cha nyumba, karibu na maporomoko, kabla hatujahamia huku Kabondo, na moyo umejaa. Moshi wa samaki ulikuwa unaingia hadi kwenye nguo za ibada, wala hatukujali. Koko, mama wa mume wangu, alikuwa bado hai. Mtoto yeyote akianguka, yeye ndiye alimkanda kwa maji moto na mawese. Hata mimi alinikanda kila nilipojifungua. Mikono ile naitamani mpaka leo.

Basi binti yangu Furaha, angali mtoto wa shule ya msingi, alichukua toleka, ile baiskeli ya kubebea watu, ya tonton wake, ndugu wa baba yake, akateremka nayo kuelekea mtoni. Akaanguka, gidoni, ule usukani wa baiskeli, ikampiga tumboni. Kidonda hakuna, ni alama kidogo tu. Koko akachemsha maji. Alipogusa tu tumbo, mtoto akalia sana, akasema hata bega la kushoto linamuuma. Kisha akatapika, midomo ikawa myeupe. Mume wangu hakungoja, akamkimbiza hospitali.

Daktari akampaka jeli baridi tumboni, akapitisha kile chombo cha ekografia, kinachoonyesha ndani ya mwili. Ndugu zangu, mimi niliona weusi tu kwenye kioo. Yeye aliona damu.

"Mama, bandama imepasuka kidogo. Damu iko ndani ya tumbo. Mutu asimukande tena, itapasuka yote."

"Mutamupasua?"

"Bon, tungoje kwanza. Nitaangalia tena na mashine, asubuhi na jioni. Damu ikiongezeka, tunamupasua. Ikisimama, Mungu amesaidia."

Kungoja kule kulinimaliza. Koko naye akafika na chupa ya mawese kikapuni. Nilipomweleza, akakasirika: "Mikono yangu iliua nani?" Kisha akamtazama mjukuu wake, sauti ikashuka. "Na miguu? Miguu nayo wamekataza?" Daktari mwenyewe alicheka. Koko akashika nyayo za Furaha, akaomba hivyo hivyo, bila kupandisha mkono. Nilimpenda mama yule siku ile kuliko siku zote.

Kila walipowasha mashine nilimwita Bwana. Asubuhi moja daktari akasema damu haikuongezeka. Baadaye akasema imeanza kupungua. Bwana alimponya binti yangu bila kisu, ndugu zangu!

Kwa hiyo mtoto akigongwa tumbo, msimkande. Mpelekeni wamwangalie ndani, na njiani mwiteni Bwana, anasikia hata mkiwa mnakimbia. Mtegemeeni. Koko ametangulia, na ile parcelle wanakaa watu wengine. Lakini Furaha yuko pale nyuma, karibu na dirisha, na mwanawe mgongoni.

Simama, mama, wakuone.