Dada Yetu wa Chumba cha Panya

Tunayemzika leo ni dada yetu mkubwa. Mimi ni mdogo wake wa mwisho, na nimeombwa nisome maisha yake. Yeye angesoma vizuri zaidi, kwa sababu hakupenda maneno mengi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa kwanza kati ya watatu wa karani wa posta na mshona nguo. Alianza shule mwaka 1975. Akiwa darasa la nne, panya alipita chini ya madawati, na marehemu akapanda juu ya meza ya mwalimu, akagoma kushuka mpaka kengele ya mwisho. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1985, kisha akasomea ufundi wa maabara kwa miaka mitatu.

Januari 1991 aliajiriwa katika taasisi ya utafiti wa saratani ya matiti, na kati ya vyumba vyote akapangiwa chumba cha panya. Alilia wiki nzima, halafu akakaa miaka thelathini. Panya wale walikuwa majike waliozalishwa makusudi, wa aina inayoota uvimbe wa matiti, ili wataalamu waone saratani inavyoanza na dawa gani inaichelewesha. Kila Jumatatu marehemu alimshika kila mmoja kwa mkono wa kushoto, akampapasa kwa vidole viwili vya kulia kuanzia shingoni hadi mapajani, maana panya ana matiti kumi. Alihisi uvimbe mdogo kuliko punje ya mchele. Aliupima kwa kipimo cha chuma, akaandika daftarini. Ukifika milimita kumi na tano, panya aliuawa bila kuteswa, na yeye ndiye aliyeifanya kazi hiyo, mlango ukiwa umefungwa. Hakuizoea kamwe.

Aliolewa tarehe 20 Agosti 1994 na fundi saa. Siku ya harusi alikataa manukato, kwa kuwa panya huhangaika wakisikia harufu ngeni, na Jumatatu alikuwa kazini. Shemeji aliwaambia wageni, "Nimeoa mtu mwenye wake wenza mia tatu, na wote wana mikia." Walijaliwa mabinti wawili.

Sasa nafika mahali ambapo shemeji aliniomba nipite haraka. Anisamehe, sitapita haraka. Februari 2021, akiwa anaoga, marehemu alihisi uvimbe kwenye titi lake la kushoto. Hakumwambia mtu. Aliupima. Tulipompeleka hospitali mwezi Oktoba, tulikuta daftari ndani ya mkoba wake: kila Jumatatu, tarehe na milimita. Saba. Saba. Tisa. Kumi na mbili. Ulipofika kumi na tano ndipo alipomwambia mumewe.

Nilimuuliza, "Dada, wewe unayejua haya yote! Ulikuwa unasubiri nini?"

"Sijui," alisema. "Niliogopa, nikashika kipimo. Mkono ulishazoea kusubiri."

Nilimkasirikia. Bado nimemkasirikia.

Alifanyiwa upasuaji na kupewa dawa kali, lakini ugonjwa ulikuwa umeshaingia kwenye mifupa. Machi mwaka huu, akiwa hawezi kuketi bila mito, alituita mabinti zake na mimi chumbani.

"Vueni blauzi."

"Mama, sisi si panya," binti mkubwa alisema.

"Najua. Panya hawana ubishi."

Alitupapasa mmoja mmoja, kwa vidole vilevile viwili. Mabinti walikuwa salama. Kwangu vidole vilisimama, vikarudi, vikasimama tena. Nikamuuliza ni milimita ngapi.

"Usipime," alisema. "Nenda leo. Si Jumatatu. Leo."

Nilikwenda siku hiyohiyo. Baada ya siku tisa uvimbe wangu ulitolewa, ukiwa mdogo kiasi kwamba mashine iliuona kwa shida. Daktari aliuliza nani aliugundua. Nilimwonyesha vidole viwili, nikilia.

Marehemu alifariki nyumbani, Jumanne tarehe 6 Juni 2023, saa kumi alasiri, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja, kaka mmoja, na mdogo wake wa kike, ambaye yuko hai na amesimama mbele yenu.

Dada, weka mikono chini sasa. Pumzika.