Waliolia: Miaka Thelathini na Saba ya Mama Chadia Mahamudu

Mama Chadia Mahamudu, karani wa hesabu ya wakazi katika mtaa wetu wa Annexe, anastaafu rasmi tarehe 31 Januari 2026, baada ya miaka thelathini na saba ya kazi. Kamati ya sherehe iliomba wasifu mchangamfu. Mwandishi amejitahidi, lakini amekasirika, na wageni waheshimiwa watamvumilia.

Mama Chadia alizaliwa Kamalondo, katika familia ya mafundi cherehani waliotoka Maniema. Aliajiriwa Februari 1989. Sensa ya mwisho ya nchi hii ilikuwa ya 1984, kwa hiyo alikuta wino bado mbichi na akaambiwa asubiri sensa nyingine. Hadi leo anasubiri. Alipochoka kusubiri, alivaa raba zake nyeupe, akachukua mwavuli na fishi za familia, yaani kadi za kila kaya, akaanza kupita nyumba kwa nyumba.

Hakudanganyika kirahisi. Baba mmoja aliapa kwamba kwake wanalala watu wanne. Mama Chadia alitazama sahani zilizoanikwa uani, akahesabu tisa, akaandika tisa. Waliohamia kutoka Kampemba baada ya kodi kuwashinda aliwaandika wiki hiyohiyo. Waliokwenda machimboni bila kurudi aliwafuta, huku mama zao wakimnunia. Hesabu yake ilikuwa rahisi: chukua wakazi wa mwaka jana, ongeza waliozaliwa na waliohamia, toa waliokufa na waliohama. Lakini lazima mtu atembee.

Ofisi yetu haikupenda kutembea. Kwa miaka mingi ilichukua idadi ya mwaka uliopita, ikaongeza watu thelathini na wawili kwa kila elfu, ikapiga muhuri. Mwaka mmoja avenyu nzima ilibomolewa, hata tofali halikubaki. Kwenye ripoti yetu avenyu hiyo iliongezeka watu kumi na saba. Mama Chadia alituuliza kama wanalala juu ya miti. Tulicheka, na ripoti ikaenda hivyohivyo.

Hata yeye alikosea, na anataka isemwe. Vifo alivihesabu kwa vilio, yaani misiba: palipotandazwa matawi ya mchikichi barabarani, aliingia, akatoa pole, akaandika. Njia hiyo ilimsaidia miaka kumi na minane. Ila kwa familia nyingi za huku, mtoto akifa kabla kitovu hakijadondoka, hakuna kilio. Wanawake humzika wenyewe, kimya, na hakuna tawi linalowekwa barabarani. Mama Chadia alipita mbele ya nyumba hizo akiwasalimia watu kwa furaha. Siku moja Mama Katongo, muuza mihogo, alimshika mkono mlangoni akamwambia: "Mutoto wangu alilia, mama. Bantu bote balisikia. Juu ya nini hauko namuandika?"

 Kanuni ya kazi yetu anaijua kila karani: mtoto aliyelia amezaliwa, na akifa, amekufa. Anaandikwa mara mbili. Tangu hapo Mama Chadia alikuwa na daftari la pili la watoto hao, lenye jalada la kijani.

Mwaka uliopita mtaa ulikuwa na wakazi elfu kumi na mbili. Rejesta ilionyesha vizazi 480 na vifo 96, yaani kwa kila elfu, arobaini wamezaliwa, wanane wamekufa. Daftari la kijani lilikuwa na watoto thelathini na sita. Ukiwaingiza, vizazi vinakuwa 43 kwa elfu na vifo vinakuwa 11. Ongezeko halibadiliki hata kidogo, 384 kabla, 384 baada. Ndiyo maana kila mwaka alipoomba waandikwe, shefu wetu, mkuu wa ofisi, alimjibu: "Total iko ileile, mama. Unatuchosha bule tu."

Total iko ileile! Mara tatu mtaa umeomba nyumba ya uzazi, na mara tatu barua imerudi ikisema vifo vyetu ni vichache, hakuna haja. Wanawake wanaendelea kutembea kilomita saba na uchungu tumboni. Mama Katongo amezika mtoto wa pili. Tuliwanyima nyumba ya uzazi kwa kalamu yetu wenyewe, halafu tukaenda kula. Na aliyekuwa akipiga mstari juu ya majina ya daftari la kijani kila Januari ni mwandishi wa wasifu huu. Aibu hiyo ni yangu na sitaigawa na mtu.

Kamati ilimuuliza Mama Chadia anataka zawadi gani. Waliomtangulia waliomba friji au kitenge. Yeye alisema neno moja, "Mubaandike," akaendelea kupanga fishi zake.

Juzi nimewaandika wote thelathini na sita, katika safu ya vizazi na katika safu ya vifo. Shefu alitazama chini ya karatasi, akakuta jumla ni ileile, akatia sahihi bila kuuliza. Ripoti imeshafika mjini, na ombi la nne la nyumba ya uzazi limebanwa juu yake. Kama kuna mkubwa anayesoma hapa akapandwa na hasira, karibu tukasirike pamoja. Jina langu liko chini.

Mama Chadia, asante kwa miguu yako. Rudi Kamalondo, uvue raba, ukae na wajukuu bila kuwahesabu. Tunakuombea miaka mingi yenye afya na usingizi mzuri. Na zawadi yako ni hii: tulibaandika, mama. Bote.

Godefroid Mumba, karani wa takwimu