Mulozi Alikuwa mu Mufuko ya Aaron

Karibieni, batoto bangu, na weye Aaron, zima ile telefone, juu leo muko nasikia miye Mulenga, mama yenu, kwa mara ya mwisho, na sina pumzi ya kurudilia. Dorine, mujane wa mutoto wangu Antoine, ingia, ukae hapa ku kitanda. Hakuna mwenye atakufukuza tena. Ninyi bengine musimame.

Munajua ugonjwa yangu, hata kama munaona haya kuitaja. Kibofu yangu iko na haraka: mukojo ulikuwa unanikamata pale pale ku machine ya kushona, na mbele ya kufika ku choo nguo ilikuwa imeisha kulowa. Nilificha, nikaacha kunywa maji, nikaacha hata misa. Mwenye kuficha ugonjwa, kifo njo itamuumbua. Dorine alinipeleka kwa munganga, na munganga akanipa kinini ya kutuliza kibofu, moja kila asubui, akasema: mama, uvumilie majuma kazaa, haifanye kazi siku moja, kinywa itakauka kidogo, usiongeze dawa ingine bila kuniuliza, na mukojo ukikataa kutoka, ao kichwa ikianza kupotea, ukimbie hapa. Maneno ya kushikwa hata na mutoto.

Lakini ninyi muko na akili ya kupita munganga! Aaron hakungoja, akasema hii kinini ni ya bure, akaniletea ingine toka Kasumbalesa, kule ku mupaka, mu sashe ya plastiki, bila jina, juu muuzaji aliapa ni ya kibofu. Nikameza zote mbili. Nono, ndugu yake, akasikia nakohoa, akaongeza siro ya kikohozi, ile ya kulalisha, juu ilisaidiaka jirani yake. Jirani! Nyanya munazichagua moja moja mu soko, munazifinya, munazinusa, lakini dawa ya mama yenu munanunua macho imefungwa.

Basi kinywa ikakauka mpaka ulimi ukashikamana, tumbo ikavimba, mukojo ukafunga kabisa. Nikaona badudu banatembea ku ukuta, na nikamuita Dorine kwa jina ya Wivine, dada yangu mwenye tulizika zamani. Pale njo mukapata kile mulikuwa munatafuta tangu kilio ya Antoine. Mukasema Dorine ni mulozi, muchawi, analeta bantu benye kufa mu nyumba, alikula bwana yake, sasa anakula mama. Mukaita muntu wa maombi, mukanifungisha bila maji, Nono akatupa nguo zake mu barabara, Aaron akafunga mulango ya lupango, kiwanja ya nyumba yetu. Dorine alilia kule inje: «Mupeleke mama ku lopitali, tumbo yake imejaa mukojo!» Mukacheka. Nilisikia kicheko, na miye nilizaa bantu kama aba.

Ni Symphorien, fundi mwenye tulishona naye, njo alinibeba. Ku lopitali balinitia mupira ya kutoa mukojo, ukajaza beseni, na munganga akaomba aone kila kitu nilimeza. Akasema: hizi zote zinakausha, moja ilimutosha huyu mama, hizi zingine zimemufunga na kumuvuruga kichwa. Akazikataza, na akili yangu ikarudi. Kile kinakukula kiko mu nguo yako, balisema bakubwa, na mulozi wa hii nyumba alikuwa mu mufuko ya Aaron. Kichwa ilirudi, figo hazikurudi. Na mpaka leo hakuna hata moja wenu alimuomba Dorine samahani. Ninawazarau, batoto bangu. Ninawapenda, na ninawazarau.

Sasa mushike. Machine na hii lupango ya Kamalondo ni ya Dorine na batoto ya Antoine. Aaron, usiuze hata tofali. Zile kinini za sashe muzirudishe ku farmasi bazitupe. Musizipe muntu mwingine kwa kuogopa hasara. Na mukizeeka, juu kibofu haichague mwenye kiburi, mumuambie munganga kila kitu munameza, hata siro, hata majani.

Bakubwa balisema, mulozi umupe mutoto amulee. Mulisema Dorine ni mulozi. Basi miye namupa ninyi bote.

Baraka yangu... Dorine, lete mukono... naiweka hapa, ndani ya mukono yake. Mungu aifunge. Mwenye kuitaka ataiomba kwake, na apige magoti... Maji, mama Dorine. Kidogo tu... Nono, acha kikombe. Acha. Yeye njo ataninywesha.