Zulia la Mheshimiwa

Maame Pokua, muuza kenkey ya mahindi, aliacha kusinzia ndani ya trotro, basi dogo la abiria, ili asikilize mazungumzo ya kiti cha mbele. Serwaa, mwongozaji wa tamthilia ya jioni hiyo, alikuwa akimsuta Okyere, fundi wa jukwaa.

"Chifu wangu anavuliwa makubadhi ili nyayo ziguse ardhi, ndipo uchifu umtoke. Nilikuagiza umwage udongo jukwaani, wewe ukatandika zulia."

"Nimeshaligandisha kwa gundi, dada. Halibanduki leo."

"Jana mazoezini wazee waliokuja kutazama walitucheka. Walisema huyo bado ni chifu, wakajiendea zao nyumbani."

Maame Pokua aliona wazee wana haki. Nyayo zilizo juu ya zulia hazijaondolewa madarakani.

"Basi kata kipande, mguu mmoja tu upite," alisema Serwaa.

"Nikate zulia alilolitoa mbunge? Naye atakaa mstari wa mbele. Alinisimamia mwenyewe nikipaka gundi, kila pembe, akauliza kama linashika sawasawa."

Maame Pokua alishindwa kuvumilia.

"Samahani, fundi. Huyo mheshimiwa yuko bungeni tangu lini?"

"Tangu sijaoa, mama," alisema Okyere, trotro likisimama. "Sasa nina wajukuu."