Mashine Iliyobakiza Maswali

Vita ilikuwa imetimiza mwaka wake wa kumi, na kijiwe cha kartiye ya Waswahili, Rumonge, kilikuwa hakijavunjika hata siku moja, ukiacha zile za risasi za karibu. Ni ubao tu juu ya mapipa mawili ya mawese, na mbele yake Mariyamu na birika lake la kahawa ya tangawizi. Vita ilikiletea sheria moja: mtu asiyejulikana hapewi kikombe mpaka mwenyeji amtaje. Mariyamu hakumpita mgeni kwa ubaya; alimpita tu, kama hewa. Siku hiyo mwenye taabu alikuwa Amissi, waliyembatiza jina la Mishale. Alizunguka Kigoma, Lubumbashi na Nairobi, akarudi na upara, kitambi na kompyuta ya kupakata, na mwenyewe alikiri kwamba katika hivyo vitatu, kitambi ndicho kilichomtii.

Kompyuta ilikuwa magotini, nyaya zikienda kwenye betri ya gari. Boti ya Bujumbura ingeondoka baada ya adhuhuri, na disketi ya kitabu ilipaswa kuwemo, ikachapwe huko. Barabara ilikuwa haipitiki, na boti nyingine Mungu ndiye aliyejua. Kilikuwa kitabu cha mwalimu Tahira cha kufundishia watu wazima kusoma: maswali juu ya ziwa, na majibu ya wazee wa Rumonge kwa Kiswahili cha Rumonge. Kitabu cha kwanza chao wenyewe. Na kwenye kioo maswali yote yalikuwepo, jibu hata moja hakuna.

— Soma tena, alisema Hadji, mvuvi aliyestaafu. Majibu mengi yalikuwa yake, na mji mzima alishautangazia.

— “Mukeke huvuliwa kwa taa gani?” Halafu iko swali lingine.

— Na mimi niko wapi?

— Hauko, muzee.

Casimir, aitwaye Redio kwa sababu hazimwi, akasogea.

— Mimi nimeelewa. Ni barieri ya kukagulia mizigo. Askari wametoa majibu. Swali haliwezi kufungisha mutu, jibu linaweza.

— Atatoaje jibu ndani ya disketi?

— Kwa sumaku.

— Hapana, alisema Hadji. Hiyo mashine imekaa Nairobi. Maswali ya Tahira ni ya shule, imeyapokea. Yangu yananuka ndagala, imeyafungia mlango.

— Ao imewasikiliza wakubwa wetu kwenye mazungumzo ya amani, alisema Redio. Miaka yote wanaulizana, nani kajibu?

Amissi alijifuta jasho.

— Nisikilizeni pole pole. Maneno yote yako ndani ya faili. Kila kitu kimekaa katikati ya alama za mishale. Mushale unafungua, unasema hili ni swali; mwingine unafunga. Jibu vilevile. Faili haisemi herufi ziwe nene ao nyembamba. Hayo naandika mimi pembeni: ukiona swali, liweke kwa herufi nene.

— Basi majibu yako ndani?

— Yako. Nayaona.

— Na hayatoki.

— Hayatoki.

— Ulienda Nairobi kusomea nini? aliuliza Redio.

Mtu mwenye begi, aliyeshuka botini asubuhi, akaja akakaa kwenye ncha ya ubao, akasalimu kwa Kirundi: “Amahoro.” Wakaitika “Amahoro,” wakajikunja kidogo. Mariyamu alimimina: Hadji, Redio, Amissi, mgeni akampita.

— Mama, na mimi?

— Sijaambiwa kitu juu yako, alisema Mariyamu, akageuka.

Kikombe cha Amissi kilisimama njiani kwenda mdomoni. Mstari wa kwanza kabisa aliouandika pembeni, tena kwa majivuno, ulisema: chochote nisichokitaja, usikioneshe. Kisha akataja kichwa cha somo. Akataja swali. Jibu hakulitaja popote.

— Siyo askari, alisema. Ni mimi. Nimeiwekea mashine sheria ya kijiwe.

Akaongeza maneno machache: ukiona jibu, lishushe chini ya swali, lisogeze ndani kidogo. Mashine ikasaga kama cherehani yenye mchanga. Kurasa zikaja.

— “Mukeke huvuliwa kwa taa gani? Karabai, na mutu asikohoe. Mzee Hadji, Rumonge.”

Hadji aliinyoosha kofia yake kama anayepigwa picha. Hata Redio alizimika. Walikuwa wamesomeshwa kwa vitabu vya watu wa mbali tangu utoto, na sasa kitabu kilikuwa kinaongea kama wao, na ndagala zao, na karabai zao.

— Endelea, mwanangu.

— “Mgeni akishuka ufukoni hupewa nini? Hupewa kikombe kwanza. Jina ataulizwa akishakunywa. Mzee Hadji, Rumonge.”

Mwenye begi akakohoa.

— Samahani, wazee. Hilo jibu ni la zamani, ao ni la leo?

Redio aliangalia ziwa. Mariyamu alitikisa birika, lilikuwa tupu. Boti ikapiga honi.

— Muzee, nilitoe ao niliache? aliuliza Amissi, kidole juu ya kibonye.

Hadji alikitazama kikombe chake, ambacho kilikuwa hakijaguswa. Akakisukuma taratibu juu ya ubao, mbele ya Redio, mbele ya Amissi, mpaka kwenye begi.

— Peleka hivyo hivyo. Hilo ni letu.

Amissi alikimbia na disketi, kitambi kikitangulia. Nyuma yake mgeni alikunywa. Kahawa ilipoisha mpaka machicha, ndipo Redio alipomuuliza mgeni jina.