Jirani Amemuua Yamauba

NATSUHO: Haloo? Nani mwenzangu?

GENZO: Babu yako, Genzo. Uko kazini?

NATSUHO: Shikamoo babu. Niko ofisini, Osaka. Mbona sauti yako—

GENZO: Marahaba. Onodera amemuua Yamauba.

NATSUHO: Nani kamuua nani?

GENZO: Onodera, jirani. Kaja kunywa chai, kanikuta kwenye hilo gemu mlilotengeneza, huyo Yamauba, zimwi kizee la mlimani, ananitafuna. Kaniona naliwa mara tatu, huruma ikamshika. Kaninyang'anya kidude cha kuchezea, akamkata kichwa.

NATSUHO: (anacheka) Si afadhali, babu? Umekwama hapo tangu—

GENZO: Nani kakwambia nimekwama?

(Mtandao unakwaruza.)

NATSUHO: Unanipata?

GENZO: Nakupata. Nimemfukuza. Kaondoka na kiatu kimoja, na theluji yote hii.

NATSUHO: Jamani babu, mzee wa watu.

GENZO: Sasa njia imefunguka, limekuja limbweha la mikia tisa. La nini? Narudi mlimani, namwita, kimya.

NATSUHO: Wachezaji wenzako wanalalamika Yamauba ni mkali mno. Wiki ijayo tunampunguza—

GENZO: Thubutuni.



NATSUHO: Kwani amekumeza mara ngapi?

GENZO: Nahesabu ya nini? Akishanimeza husema, "Mzee huyu hana chumvi."

NATSUHO: Hayo sikuyaandika mimi. Hadithi ya Yamauba alinisimulia bibi, basi nikamwomba na sauti yake. Nikamrekodi pale jikoni kwenu. La chumvi kalitoa kichwani mwake.

GENZO: Kalitoa kwenye supu yangu. Miaka hamsini na mbili akisema haina chumvi.

NATSUHO: Alikuwa ameshaanza kuumwa ugonjwa uliomchukua, lakini siku ile alicheka mpaka—

GENZO: Usinieleze.



NATSUHO: Babu, anza gemu upya. Pale darajani mpe kappa tango, atakupisha. Panda juu. Utamkuta.

GENZO: Ngoja... Haya, nimempa. Kumbe kana adabu hako kajini ka mtoni, kanainama. Napanda. Atanijua?

NATSUHO: Atakutafuna kama kawaida, babu.

GENZO: Na hiyo wiki ijayo?

NATSUHO: Nitagombana na bosi. Hapunguzwi.

GENZO: Mwongezeni meno.

NATSUHO: Sawa. Simu yangu inaisha chaji, babu, kamwombe radhi Onode—

GENZO: Shh. Anakuja.

NATSUHO: Basi kimbia kidogo angalau, usikae tu—

GENZO: Nikimbilie wapi? Kata simu, mjukuu wangu.