Bibi Aliyegeuka Njiwa

Benchi letu liko nje ya kibanda cha Fundi Saa, jirani na kinyozi. Mchana ule saa za watu zilimngoja mezani, matumbo nje, mwenyewe kashika tama. Mkewe alikwenda kumuuguza dada yake. Dada kapona wiki iliyopita, mke hajasema atarudi lini, na mjukuu wao wa miaka sita kutwa anamlilia bibi. Ili kumtuliza, babu akamtungia hadithi: bibi mmoja kapiga chafya jikoni, akageuka njiwa, huyoo, karuka nje dirishani!

— Nimejiponza, Fundi Saa akatuambia. Sasa mtoto anataka mwisho, na akitoka shule anapitia hapa.

— Kazi ndogo hiyo, akasema Kinyozi, ambaye anajua kila kitu isipokuwa kunyamaza. Bibi apige chafya ya pili. Iliyompeleka ndiyo itakayomrudisha.

— Njiwa anapigaje chafya?

— Mpulizie pilipili.

— Yuko juu ya bati, bwana!

Mama Kahawa alikuwa anatumiminia kahawa.

— Nyie mnahangaika bure. Babu naye ageuke njiwa, amfuate.

— Na magoti yangu haya?

— Kwani kuruka kunataka magoti?

Tulicheka mpaka vikombe vikamwagika. Kinyozi hakukubali kushindwa.

— Basi babu anyoe ndevu, azitupe paani. Njiwa atajengea kiota. Kila akilala, ndevu zinamnong'oneza: mke wangu, rudi nyumbani.

— Ndevu zinasema?

— Za uchawi hizo! Na kunyoa nanyoa mimi, bure.

— Ndevu za huyu? Mama Kahawa akaguna. Zitamnong'oneza: chai yangu iko wapi?

Hapo mtoto akafika, mkoba mgongoni, soksi moja imeshuka. Akatuamkia wote, akapanda mapajani kwa babu yake.

— Babu, bibi kesharudi kuwa mtu?

— Bado, mjukuu wangu. Sisi wakubwa tunatafuta njia.

Mtoto akatutazama mmoja mmoja.

— Kwani mmemuuliza kama anataka kurudi?

Kinyozi akajitia kukagua mkasi wake. Mama Kahawa akafuta kikombe ambacho keshakifuta. Fundi Saa akatoa simu mfukoni. Wiki zote zile alikuwa akimpigia mkewe kuuliza chumvi inakaa wapi, funguo ziko wapi. Safari hii aliuliza jingine.

— Mama watoto... hivi wewe... unataka kurudi?

Simu yake ile inapiga kelele, kwa hiyo sote tulisikia. Mkewe akajibu:

— Wiki nzima nangoja uniulize, mume wangu. Njooni mnichukue.

Akainuka hapo hapo, kamshika mjukuu mkono, wakashika njia ya stendi. Hakuaga mtu. Kibanda tulimfungia sisi.